Usiisafishe Hiyo Sauti

Mwisho wa Januari 2025 nilikuwa chumbani kwangu Sinza naediti send-off ya watu fulani wa Mbezi, mama wa bi harusi kaniganda anataka wimbo uanze kabla hajaingia ukumbini, WhatsApp ikaita. Klipu ya sekunde 18. Halafu nyingine ya sekunde 22. Halafu kimya mpaka kesho yake. Picha ilikuwa imebanwa mpaka sura za watu zimevunjikavunjika, lakini sauti ilikuwa inasikika vizuri kabisa, na hiyo sauti ndo imenifanya niandike haya yote.

Zilitoka Goma, mashariki mwa Kongo. Kuna dogo mmoja tulikutana kwenye warsha ya video Kampala miaka ya nyuma, tangu siku ile ananiita Yaya, ndo wanavyomwita mkubwa wako kwa Kiswahili cha kule, na mimi namwita dogo tu. Alikuwa anashuti filamu fupi ya dakika 4 kuhusu fundi wa chukudu. Kwa ambaye hajawahi kuiona chukudu, ni usafiri wa mbao tupu, una usukani na magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi, hauna injini wala pedeli, mtu anaupakia viazi au mkaa huko juu milimani halafu anashuka nao mteremko mpaka mjini. Goma wameujengea mpaka sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara. Dogo alitaka kumuonyesha mzee mmoja anatengeneza gurudumu kuanzia gogo mpaka linapobingirika lenyewe barabarani. Basi, hicho tu.

Tarehe 27 Januari waasi wa M23 wakaingia mjini, kama walivyoingia Novemba 2012, ila safari hii hawakuondoka baada ya siku kumi na kitu. Umeme ukakatika, maji yakakatika, watu wakawa wanashuka ziwani na madumu. Ujumbe wake ulisema hivi, nimeunakili kama ulivyo: "Yaya, courant haiko tangu juzi, nimechaji ku gari ya jirani. Njo nimeanza kukutumia kidogokidogo. Usipoteze."

Sasa kwenye zile klipu mzee anapiga msasa gurudumu, shwaa shwaa shwaa, taratibu, mkono wake mzuri sana kuuangalia, na nyuma yake kwa mbali kuna mlio mzito, unapiga, unatulia, unapiga tena. Mimi nikafanya kile ambacho mkono wangu umezoea kufanya kila siku kwenye harusi zenye jenereta. Nikachukua sampo ya ule mlio, nikaweka programu ya kutoa kelele, nikaupunguza mpaka ukabaki msasa peke yake, unasikika kama umerekodiwa studio. Nikamtumia dogo kipande kidogo asikie, nikiwa najiona nimefanya kazi safi. Jibu likaja usiku saa nane. "Yaya urudishe. Ile siku ilikuwa vile."

Nilikaa na lile jibu muda mrefu. Kama wiki tatu baadaye ndo nikaangalia From Ground Zero, na nikaangalia tena kesho yake nimevaa hedifoni, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naangalia picha na mara ya pili nilitaka kusikiliza.

Ni filamu fupi 22 zilizounganishwa, zote zimetengenezwa Gaza na watu waliokuwa ndani ya vita yenyewe, kila moja ina dakika kama 3 mpaka 6, ukiziweka pamoja zinakaribia saa mbili. Aliyeanzisha ni Rashid Masharawi, mwongozaji aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Shati hukohuko Gaza, ambaye vita ilimkuta nje, akaamua Novemba 2023 badala ya yeye mzee wa kazi kwenda kutengeneza filamu kuhusu hao watu, atawatafutia uwezo waliomo ndani watengeneze wenyewe na yeye na wenzake nje wasaidie kushauri na kumalizia. Palestina ikaipeleka kwenye Oscar na Desemba 2024 ikaingia kwenye orodha ya filamu 15 za kigeni zilizochujwa. Kwenye zile tano za mwisho haikuwemo.

Jina lake la Kiarabu ni Min al-Masafa Sifr. Hebu lisome kwa sauti. Masafa. Sifuri. Hatuhitaji hata mkalimani, ni kutoka masafa sifuri, yaani hakuna umbali wowote kati ya anayeshuti na anachokishuti, bomu likidondoka halidondoki kwenye picha yake, linamdondokea yeye. Lile neno la Kiingereza mimi lilikuwa halinigusi, la Kiarabu likanigusa moja kwa moja kwa sababu ni maneno yetu, tunayatumia sokoni na darasani.

Turudi kwenye sauti. Gaza wana neno zanana, ndo wanavyoita ile ndege isiyo na rubani inayozunguka juu usiku na mchana, wameipa jina kutokana na mlio wake. Ukivaa hedifoni utaisikia ndani ya filamu baada ya filamu. Mtu anaongea taratibu kuhusu mama yake, zanana ipo. Watoto wanacheza, zanana ipo. Inakaa chini ya kila kitu kama friji bovu, na mimi kama mhariri nilikuwa nasikia vidole vinawasha kutaka kuitoa, maana kwenye kazi yetu ule ni uchafu, mteja akiusikia anarudisha kazi. Wameuacha. Mle ndani kuna filamu moja ya msichana ambaye anavaa hedifoni zake anacheza muziki ili asiisikie hiyo ndege, na ukiwa umeshasikiliza dakika arobaini za ule mlio unaelewa anakimbia nini bila mtu yeyote kukueleza. Ingekuwa imesafishwa kwenye filamu zilizotangulia yule msichana angeonekana anacheza tu.

Watu wanaongelea ujasiri, na ujasiri upo, lakini mimi nataka tuongelee chaji. Kituo pekee cha kuzalisha umeme Gaza kiliishiwa mafuta tarehe 11 Oktoba 2023. Usiku wa tarehe 27 mwezi huohuo mawasiliano yote yakakatwa, simu na intaneti, watu zaidi ya milioni 2 hawapatikani. Baada ya hapo mtandao ukawa unarudi na kupotea. Sasa weka akilini kwamba faili moja tu ya video ya dakika 5 ikiwa na ubora wa maana inaweza kuwa giga kadhaa, mimi hapa Dar na bando langu naipandisha huku naomba isikatike, halafu fikiria mtu anaishi kwenye hema, simu yake ndo kamera yake, ndo tochi yake, ndo njia ya kujua kama dada yake yuko hai, na chaji imebaki asilimia 30. Kila dakika anayoshuti anaikata kwenye hizo kazi nyingine. Kwa hiyo mtu akiniambia zile filamu ni fupi kwa sababu ya mtindo siwezi kukubaliana naye. Urefu wake umepimwa na betri, na muda ambao unaweza kusimama sehemu moja na kamera bila kuhatarisha waliokuzunguka.

Kuna moja inahusu hilohilo, mwalimu anatoka kwenye hema lake asubuhi, anapanga foleni ya kuchaji simu, nafasi zimejaa, anakwenda foleni ya maji, anakwenda foleni ya chakula, siku inaisha mikono mitupu. Dakika chache tu. Hakuna mlipuko hata mmoja. Mwalimu mwenyewe kavaa kwa heshima, anatembea kwa heshima, na nadhani kilichoniuma zaidi ni hicho, maana namjua mwalimu wa namna ile, kanifundisha darasa la sita.

Na nyingine ni mama na ndoo ya maji. Nilimpigia simu mke wangu aje aangalie hii. Maji yaleyale anamwogesha nayo mtoto, hayamwagi, anayatumia tena, na tena, mpaka ya mwisho yanaishia chooni. Ukiwa umekulia nyumba ambayo maji yanatoka mara mbili kwa wiki unaijua hiyo hesabu, unajua kabisa maji ya kuoshea mchele hayamwagwi. Mwongozaji wake, Rabab Khamis, angeweza kugeuza kamera hatua kumi pembeni akapata jengo limelala chini. Kaichagua ndoo.

Hapa ndo nataka nikae kidogo. Waandishi wa kigeni hawaruhusiwi kuingia Gaza wenyewe, isipokuwa waliosindikizwa na jeshi la Israel, kwa hiyo karibu kila picha tuliyoiona imepigwa na Wapalestina walioko ndani, na wengi wao wameuawa wakiifanya hiyo kazi. Picha za habari zina kazi yake na siidharau hata kidogo. Ila picha ya habari inafika baada ya kishindo, inaonyesha vumbi, inaonyesha machela, inaondoka. Inakupa idadi. Anayetengeneza filamu ana swali lingine, kwamba hapa mtu anaishije kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku, na anaamua yeye mwenyewe kamera iangalie wapi. Mtu aliyenyang'anywa nyumba, shule, mtaa, chakula, bado kuna uamuzi mmoja umebaki mikononi mwake, wa kuweka fremu hapa na sio pale. Mimi naona huo uamuzi ni kitu kikubwa sana na unalindwa na watu wachache mno.

Kwa sababu hata watu wenye nia nzuri wanaunyang'anya. Yule dogo wa Goma aliwahi kuchukuliwa na shirika moja kushuti kambi ya waliokimbia vita, sitalitaja, akapewa karatasi yenye orodha ya shoti, na mojawapo ilikuwa mama analia, karibu, uso mzima. Akampata mama anakaanga mikate ya kuuza hapo kambini na anacheka na wateja wake, akamshuti hivyo. Kazi ikarudishwa. Wakamwambia hii haionyeshi hali halisi. Alinipigia siku ile sauti inatetemeka, na mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye, maana hali halisi ilikuwa ile, mama alikuwa anacheka saa nne asubuhi na inawezekana alilia saa nne usiku, vyote ni vya kwake. Goma ina vijana wengi wanaojua kushika kamera, kituo cha Yole!Africa alichokianzisha Petna Ndaliko Katondolo kimekuwa kinafundisha sinema pale kwa zaidi ya miaka 20, wana mpaka tamasha lao la filamu la Salaam Kivu, kwa hiyo sio kwamba hakuna wa kusimulia, wapo, ila anayelipa anakuja na machozi ameshayaandika kwenye karatasi.

Sasa Taxi Wanissa, mojawapo ya zile 22 za Gaza. Hii ndo sijaweza kuitoa kichwani.

Wanissa ni punda. Anavuta mkokoteni unaobeba watu, maana petroli hakuna, na dereva wake ni bwana mmoja anaitwa Ahmed. Etimad Washah, aliyeiongoza, anaanza vizuri kabisa, ni hadithi ya kuigiza, shoti zimetulia, punda anatembea kwenye barabara iliyovunjika, abiria wanapanda wanashuka, na wewe unajiandaa kuifuata. Halafu katikati inakatika. Anatokea mwanamke anaangalia kamera. Ni Etimad mwenyewe. Anasema walipokuwa wanashuti kaka yake aliuawa pamoja na watoto wake, na hakuweza kuendelea. Anatueleza ingeishaje: Ahmed anauawa, na punda anarudi mwenyewe nyumbani na mkokoteni. Anasema hivyo kwa maneno tu. Hatuuoni huo mwisho.

Mimi naishi kwa kumalizia vitu. Mtu analeta futeji imekatika, sauti haipo, mpiga picha alichelewa kiapo, na kazi yangu ni kuhakikisha anayeangalia hajui kama kuna kitu kilikosekana, naziba kwa shoti ya maua, naziba kwa wimbo. Miaka 11 nafanya hivyo na najivunia. Halafu naangalia filamu ambayo shimo limeachwa wazi katikati, na aliyeifanya anasimama pembeni ya lile shimo anatuambia limetokana na nini. Angeweza kuitupa, nani angemlaumu. Angeweza kuwapa wenzake nje waimalizie. Alichofanya ni kutuonyesha mpaka pale alipofika, akasimama. Na lile punda, ambalo halikupigwa picha likirudi, mimi naliona mpaka leo linatembea peke yake, naliona kuliko vitu vingi nilivyoonyeshwa kikamilifu.

Mwongozaji Ahmed Hassouna naye ana filamu yake humo, anaiomba radhi sinema. Ni mtu aliyehangaika miaka na filamu, na sasa anakimbia na wenzake kuelekea misaada inayodondoshwa na miavuli, kamera lazima iwekwe chini kwanza. Kile kibao cha mbao cha kugonga kabla ya kuanza kushuti, sisi tunaita klapa, anakivunja anakitia motoni apate kupika. Mwenzake mwingine, Kareem Satoum, blanketi hana, baridi kali, analala ndani ya mfuko wa kubebea maiti. Siwezi kuandika zaidi kuhusu hiyo.

Ya watoto lazima niiseme lakini. Watoto wako kwenye hema wanakatakata karatasi, wanazipiga picha mojamoja mpaka zinatembea, katuni yao wenyewe, na kitu walichochagua kusimulia ni mama zao walivyowaandika majina mikononi na miguuni kwa kalamu, ili nyumba ikiangukiwa wajulikane nani ni nani. Watoto wanajadiliana kabisa kuhusu mkasi, rangi, nani ashike karatasi, kama watoto wa darasa lolote la sanaa. Binti yangu ana miaka 7 na huwa anajichora mikononi na kalamu za shule, tunamgombeza. Nilishindwa kumgombeza wiki nzima.

Hili jambo la kushuti ukiwa ndani ya vita sio geni, na nikilisema silipunguzi. Sarajevo, kule Bosnia, walizingirwa kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996, watu wanavuka barabara wanakimbia wadunguaji, na bado walikuwa wanashuti, na mwaka 1995 kabla mji haujafunguliwa wakaanzisha tamasha la filamu ambalo lipo mpaka leo. Syria kulikuwa na kundi la Abounaddara, tangu 2011 kila Ijumaa wanaweka filamu fupi moja mtandaoni, kila Ijumaa, bila kutaja majina yao.

Majina. Aprili 2025 nikasikia habari ya Fatma Hassona. Mpiga picha, miaka 25, Gaza. Mwongozaji Sepideh Farsi alikuwa anaongea naye kwa video call miezi na miezi na kuyarekodi hayo mazungumzo, signo mbovu, picha inaganda, sauti inarudi, Fatma anatabasamu sana, na hayo mazungumzo ndo yakawa filamu. Tarehe 15 Aprili ikatangazwa kwamba filamu imechaguliwa kuonyeshwa Cannes, lile tamasha la filamu la Ufaransa, kwenye upande wa ACID, maonyesho yanayokwenda sambamba na tamasha lenyewe. Tarehe 16 nyumba yao ikapigwa, akafa yeye na watu kadhaa wa familia yake. Siku moja tu katikati. Nilipoiona hiyo habari nilifunga laptopu nikatoka nje nikasimama barazani, na kitu cha kwanza nilichofanya baada ya hapo nilimpigia dogo wa Goma. Hakupatikana. Nikampigia tena mpaka saa tano usiku akapatikana, alikuwa kalala tu, simu ilizima, akashangaa kwa nini napiga kelele.

Filamu yake tuliimaliza Mei. Nasema tuliimaliza, lakini ile shoti ya mwisho haipo, gurudumu kubingirika barabarani, maana yule fundi aliondoka na familia yake mwezi wa pili akiwa amelitengeneza gurudumu moja tu, na chukudu inataka mawili. Dogo alirudi pale kibandani mara tatu akakuta pamefungwa. Mimi nilishaanza kutafuta shoti ya chukudu nyingine kwenye klipu zake za zamani nizibe nayo, ninayo nzuri sana, jua la jioni, inashuka mteremko kwa kasi. Niliiweka kwenye taimlaini nikaiangalia mara nyingi. Nikaitoa.

Nikamwomba anirekodie kwa sauti yake kwa nini shoti haipo. Akatuma voice note ya sekunde 40, anaongea polepole, Kiswahili cha kwao, anasema mzee alikuwa anamwita nani, anasema gurudumu la pili lilikuwa limeshachorwa kwenye ubao kwa kaa la moto, duara tu. Tumeiweka juu ya picha nyeusi. Chini yake nimeacha ule msasa wa siku ya kwanza unaendelea, na ule mlio wa mbali upo palepale ulipokuwa. Nimehesabu, unapiga mara nne. Kuna mtoto anakohoa pia, sijui alikuwa wapi kwenye kile kibanda, kwenye picha haonekani kabisa.